Betri Iliyokufa Kabla ya Uji Kupoa

"Mathe, labda mtoto anacheza sana."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya kioo, katikati ya jiji, orofa ya pili, katika duka ambalo ukivuta pumzi kwa nguvu unagusa kuta zote mbili. Ilikuwa saa yangu ya chakula cha mchana. Jamaa aliyeniuzia mashine ya gemu alikuwa ananieleza, bila hata kuinua macho kutoka kwa simu yake, kwamba betri inaisha kwa sababu mtoto anaitumia. Ni kama kumwambia mtu viatu vyake vimetoboka kwa sababu alitembea navyo. Halafu eti mathe, kana kwamba mimi ni mamake. Huyu jamaa ana ndevu. Ana upara ambao umeanza kujitangaza. Kama tungesoma shule moja angekuwa madarasa mawili mbele yangu, na ananiita mathe.

Sikupiga kelele. Watu hufikiri hasira ni kelele. Nilivuta stuli ya mama anayeuza nywele za bandia katika duka hilohilo, nikaiweka katikati ya mlango, nikaketi. Mlango ule unatosha mtu mmoja, na mtu huyo sasa alikuwa mimi, na mimi si mwembamba tangu nizae. Nikapakata mkoba wangu, nikatoa mkebe wa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nikaufungua.

"Siste, sasa unafanya nini?" jamaa akauliza.

Kumbe nikikaa chini napungua umri.

"Nangoja betri ijae," nikamwambia.

Ili mwelewe kwa nini mtu mwenye akili timamu anakula githeri mlangoni pa watu, lazima nianze na jicho.

Binti yangu ana miaka sita. Ukimtazama, jicho lake la kushoto ndilo zuri zaidi, jeusi, lenye kope ndefu za babake, lakini ni jicho zembe. Hilo si tusi langu, ndivyo daktari wa macho kule Parklands alivyonieleza. Jicho la kulia linafanya kazi yote, na la kushoto limekaa pale kama mjumbe wa kamati anayehudhuria mkutano kwa ajili ya chai. Dawa yake ni kuliziba lile la kulia kwa kibandiko, kwa muda wa saa mbili kila siku, ili la kushoto likose mtu wa kulifanyia kazi. Na mtoto asikae tu akitazama dari. Daktari alitaka apewe kitu cha kutazama kwa karibu, kitu anachokitaka mwenyewe. Kisha akaniambia jambo nililolibeba hadi nyumbani Kinoo kama kijiwe ndani ya kiatu: kazi hii ina umri wake. Mtoto akishakuwa mkubwa, ubongo unakuwa umelikatia jicho lile tamaa, na hapo hata ununue miwani ya bei ya gari, umechelewa.

Babake yuko, lakini yuko kama mtandao wa simu kwetu: leo unaushika ukisimama karibu na dirisha, kesho haupo kabisa. Kwa hiyo jicho likawa langu.

Nikatafuta kitu anachokitaka. Nikanunua vitabu vya kupaka rangi. Kibandiko kiling'oka kabla hajamaliza kupaka jua. Nikaleta shanga za kutunga. Alitunga chache, moja akaitumbukiza puani, tukawa sasa na viungo viwili vya kutibiwa. Nikampa simu yangu, akaweka katuni, akageuza uso akawa anasikiliza tu kama mzee na redio. Kibandiko nilikuwa nakikuta ukutani, chini ya meza, kwenye sufuria. Siku moja nilikikuta mgongoni mwa kuku wa mwenye ploti tunayopanga, na kuku mwenyewe hakuonekana kuwa na neno.

Kanisani akina mama walimwekea mikono, na kwa hilo nashukuru. Lakini mmoja akanivuta kando akanishauri nikitoe kile kibandiko kwa imani. Nikamuuliza miwani yake yeye ameivalia nini. Tangu siku hiyo hatukai benchi moja.

Ninafanya kazi kwa dobi mmoja huko Kileleshwa, upande wa kupokea nguo. Ndipo nilipoiona gemu yenyewe. Mteja alikuja kuchukua mashuka, na msichana wake mdogo akawa amesimama katikati ya mlango na mashine ndogo mikononi, ulimi nje, macho yamegandia skrini. Mamake alimwita kwa jina lake la shule, akamwita kwa jina la nyumbani, akamwita kwa jina la kutishia. Mtoto hakusikia kitu. Nikajiambia, huyu hata ukimbandika uso mzima hatajua.

Basi nikaenda mjini. Mnayajua yale majengo yenye maduka madogo madogo, duka juu ya duka, kila mlango na muziki wake. Nilimwuliza jamaa mwenye ndevu kama ana mashine ya gemu ya mkononi. Alisema anazo, nyingi tu, ningoje dakika mbili. Akatoka mbio, akarudi nayo ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi nilidhani ametoka stoo. Ilikuwa ya bluu, safi, ikawaka mara moja na alama ya chaji imejaa pomoni. Alipoandika risiti nikaona juu kabisa kumechapwa jina la biashara ya nywele na vipodozi. Nikauliza mbona. Akacheka, akasema duka ni moja, nisiwe na wasiwasi. Ukutani palikuwa na kibao kinachosema mali ikishauzwa hairudishwi, lakini nilikuwa na furaha siku hiyo, na mtu mwenye furaha hasomi ukuta.

Wacha niseme ukweli: siku za kwanza ile mashine ilifanya kazi iliyowashinda watu wote pamoja na mimi. Ndani yake mna gemu ya paka anayeruka juu ya mapaa akikusanya samaki, na unaweza kumpaka rangi na kumvalisha utakavyo. Binti yangu alimpaka paka wake zambarau, akamvalisha gambuti, buti za mvua. Tukabandika jicho, akaketi kwenye mkeka, ulimi nje. Nikapika, nikafua, nikamaliza, bado jicho limebandikwa. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikamtazama jicho lile la kushoto likihangaika kumfuata paka, likimpoteza, likimpata. Sijawahi kupenda kazi ya mtu mwingine hivyo.

Mama yangu ndiye hakupendezwa. Alitoka nyumbani kule magharibi kuja kunisaidia kulea, na ndiye anayebaki na mtoto nikiwa kazini. Mtoto humwita Kukhu, kwa sababu kwetu ndivyo nyanya anavyoitwa, na yeye pia humwita mtoto Kukhu, wanaitana hivyo siku nzima kama njiwa. Kukhu alisema kitu kinachomfanya mtoto asisikie akiitwa hakijatoka kwa Mungu. Nikamwambia dawa nyingi hazijatoka kwa Mungu, zimetoka kwa duka la dawa, na mbona anameza.

Halafu betri ikaanza mambo yake.

Mwanzo ilizima mtoto akiwa amebakiza kidogo. Kisha ikazima katikati. Kisha ikafika mahali unaijaza usiku, unamtilia mtoto uji alasiri akitoka shule, unawasha mashine, na inakufa kabla uji haujapoa. Na kifo chake kilikuwa na utaratibu: skrini inakuwa nyeusi, mtoto anapiga mayowe, kibandiko kinang'olewa na kurushwa. Hapo hakuna wa kumrudisha kwenye mkeka. Nilijaribu kumchezesha ikiwa kwenye waya wa chaji. Ilipata moto kiasi cha kubandikia chapati, na mgongo wake ukaanza kuinuka kama andazi. Kukhu akauchomoa waya ukutani.

"Kitu kikivimba mgongo, hakijashiba," akasema. "Kinatafuta pa kupasukia."

Nikairudisha dukani. Jamaa aliigeuza, akaipapasa, akaniambia betri imechoka, atampa fundi aibadilishe, nijikaze nirudi kesho yake. Nikarudi. Uvimbe ulikuwa umeisha. Nikamshukuru. Uji wa siku ile ulipoa kidogo zaidi, basi. Betri aliyoweka ilikuwa imeshatumikia nyumba nyingine hadi ikastaafu.

Nilipoirudisha mara ya pili alikunja uso kama daktari, akaniuliza kama nina hakika hakuna mtu mwingine anayecheza nyumbani. Nikamwambia nyumbani kuna mama yangu tu, mzee wa kanisa. Lakini njiani kurudi lile swali likaanza kuniwasha. Siku moja nikatoka kazini mapema bila kusema. Nikafungua mlango polepole. Kukhu alikuwa ameketi kitandani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, wimbo wa ibada mdomoni na paka mikononi. Na alikuwa anaruka mapaa vizuri kuniliko.

"Nilikuwa namlishia tu paka wake kabla hajatoka shule," akasema, bila kuinua uso. "Paka akifa mtoto atalia."

"Mama, huyo paka hali."

"Anakula samaki. Nimempa wengi leo."

Nilimpiga marufuku mama yangu mzazi. Mashine ikawekwa juu ya kabati, imezimwa, imejaa, hakuna kuigusa mpaka mtoto afike. Jioni ya kwanza tukaiteremsha pamoja, mbele ya mashahidi, yaani mimi na yeye na mtoto. Nusu ya chaji ilikuwa imekwenda. Haikuchezwa na mtu. Ilikuwa inajinywa yenyewe, kama mlevi aliyefungiwa ndani ya baa. Kukhu alivua miwani akanigeukia.

"Umemsingizia mama yako kwa sababu ya paka," akasema.

Nilimnunulia hafkeki siku tatu mfululizo.

Ikafika siku ya kwenda Parklands. Kile chumba cha kungojea pale huwa kimejaa watoto wenye vibandiko, vingine vimechorwa maua, vingine nyota, na akina mama wote tunatabasamu kana kwamba tuko kwenye mashindano. Daktari akambandika binti yangu jicho la kulia, akamwonyesha picha ukutani, nyumba, ndege, kikombe, zikizidi kuwa ndogo. Alikwama palepale alipokwama mara ya kwanza. Hakusogea hata mstari. Mtoto aliyetutangulia tulimsikia akitaja hadi chini kabisa, na mamake alitoka anatembea kama amevishwa nishani.

Daktari ni mama mtu mzima, mpole, ameishi Parklands maisha yake yote na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Aliniuliza taratibu, "Anakifunga kweli hiki kibandiko, mama?"

Sasa mweleze daktari habari za betri. Nilianza. Nikamweleza paka, nikamweleza mapaa, nikafika kwenye fundi, na nikajisikia nikizungumza, nikajua ninavyosikika: mwanamke anayesingizia toy. Aliniacha nimalize. Akaandika tarehe ya kurudi, shule zikifungwa.

"Nakuamini," akasema. "Lakini jicho halimngojei fundi."

Nililia kwenye ngazi, mtoto akanifuta kwa kile kibandiko.

Kesho yake nilikwenda mjini na maneno machache sana. Jamaa wa gemu lazima aliona kitu usoni, maana hakubishana. Alisema wamejadiliana, wameamua kunibadilishia kabisa, wanipe nyingine. Akachukua ile ya bluu, akatoka mbio, nikangoja hadi miguu ikafa ganzi, akarudi na nyekundu. Nzuri, inang'aa, imejaa chaji. Nilimshika mkono nikamwombea baraka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilimwombea baraka na zikamfikia.

Nyumbani nikambandika mtoto jicho, nikampa ile nyekundu, nikamwambia hii ni mpya, atalazimika kuanza na paka mwingine. Akaiwasha. Akaisogeza karibu na uso.

"Mum," akasema, "paka wangu amehamia hapa."

Nikachungulia. Juu ya paa lilelile alipomwacha jana yake, na samaki wake wote, alikuwa amesimama paka wa zambarau aliyevaa gambuti.

Walibadilisha kava. Walichukua matumbo yaleyale, betri ileile, uzembe uleule, wakavitia ndani ya ganda jekundu, wakanirudishia mimi, na mimi nikashukuru. Kukhu aliishika, akaigeuza huku na huku.

"Wamemvisha maiti suti," akasema.

Kabla uji haujapoa, suti na maiti vikazima pamoja.

Kwa hiyo nilipofika pale siku iliyofuata na kumweleza yule jamaa kuhusu paka, na yeye, badala ya kuomba radhi, au hata kudanganya kwa bidii kama mtu anayeiheshimu kazi yake, akaniambia labda mtoto anacheza sana, ndipo nikavuta stuli.

Turudi sasa mlangoni.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana aliyetaka waya wa chaji. Nilimkaribisha vizuri. Nikamwambia anunue, asiogope, ila aulize kwanza ni kwa nani atakuja kulia. Akatazama githeri, akatazama jamaa, akashuka ngazi. Wa pili alikuwa dada aliyetaka nywele. Huyu nilimpisha, maana sina ugomvi na nywele, lakini alipokwisha kusikia habari ya paka alikataa kuondoka, akasimama ubavuni mwangu kama wakili.

Mama wa nywele ni mtu wa makamo, ana sauti ya chini, amezoea kushika vichwa vya watu. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Dada, hiyo stuli ni yangu."

"Na risiti ni yako," nikamwambia, nikaitoa. "Tazama jina. Wewe ndiye uliniuzia gemu."

Hapo ndipo nilipoelezwa jinsi lile duka linavyoishi. Chumba ni chake yeye, ndiye anayemlipa mwenye jengo. Lakini kodi ya mjini haimezwi na mtu mmoja, basi amezikata kuta vipande, kila shelfu amempangisha mtu wake. Jamaa wa gemu ana shelfu moja na nusu. Ile nusu nyingine ni ya mtu wa mikanda ya saa. Mbele ya dirisha kuna mwingine wa kava za simu. Muhuri ni mmoja, wa mama wa nywele, kwa sababu ndiye tu aliyesajili biashara, na wote wanauazima kama vile watu wa ploti wanavyoazimana jiko. Tena ile mashine yenyewe haikuwa ya jamaa. Mteja akiuliza kitu ambacho hana, hasemi hana. Husema ngoja dakika mbili, hukimbia juu orofa ya tano kwa mtu mwenye nacho, akakiuza kama chake, halafu jioni wakagawana. Na wa orofa ya tano, alipopigiwa simu palepale, akasema yeye aliitoa ikiwa nzima, waulizwe walio chini. Walio chini wakasema ni fundi. Nikauliza fundi ni wa nani. Ilikuwa kama darasani mtu akijamba: kila mmoja alimtazama mwenzake, na harufu iko.

Mama wa nywele akamgeukia jamaa.

"Wewe ulijua wamebadilisha kava tu?"

"Mimi nilipeleka tu, mathe." Kumbe na yeye pia ni mathe. "Fundi alisema imekuwa mpya."

"Na muhuri wangu umeuweka hapo."

Jamaa akafanya jambo ambalo, nakiri, lilinitikisa. Aliingiza mkono nyuma ya kioo akatoa pawabenki, nzito, ndani ya sanduku lake, akaniwekea mapajani kando ya githeri.

"Siste, chukua hii. Ya bure. Ukiichomeka kwa gemu mtoto acheze mpaka achoke. Tuachane kama marafiki."

Nilikaa nayo mkononi. Ilikuwa saa nane karibu, bosi wangu angekuwa ameshaanza kutazama mlango, na kule Kinoo alasiri hiyohiyo mtoto angetoka shule na kibandiko kingekuwa kinangoja. Kwa pawabenki ningepata saa zangu mbili leo. Na kesho. Lakini nikakumbuka ule mgongo ulivyoinuka. Ile mashine mtoto huishika kiganja kimoja kutoka usoni, na usoni pale kuna jicho moja linaloona, nami ndiye ninayelifunga, na lingine ninalolitafuta. Nikamrudishia jamaa sanduku lake.

"Hiyo ni ya kuharakisha kupasuka," nikamwambia. "Mpe mtoto wako."

Wakamwita mwenyekiti. Kumbe jengo lina kamati ya wafanyabiashara, na mwenyekiti wake ni mzee wa masanduku ya safari pale chini kwenye lango, mtu wa tai, mwenyeji wa siku nyingi. Alipanda polepole, akasikiliza kila mtu, pamoja na yule dada mteja wa nywele ambaye kufikia hapo aliijua kesi kuniliko na alikuwa ameongeza mambo yake. Mzee hakucheka alipofika kwenye paka. Aliniuliza hali ya jicho. Kisha akaniambia jinsi mambo yalivyo: wateja huja, hupiga kelele, hupiga picha, hutishia kuweka mtandaoni, halafu huenda. Mwenye duka anajua utachoka. Kamati haiwezi kumwita mtu kikaoni kwa kelele.

"Hakuna anayeandika, madam," akasema. "Ukiniandikia, nawaita, na asiyekuja namfungia shutter ya duka."

Nikamwambia anipe karatasi.

Alinishusha hadi kwake, akaniwekea sanduku kubwa jeusi likae kama meza. Barua rasmi nilifundishwa kidato cha pili na mwalimu aliyetuambia haina machozi wala salamu za shangazi. Nilianza vizuri, nikaandika anwani upande unaotakiwa, nikafika kwenye jina la mshtakiwa, nikakwama. Mzee akaniuliza, kalamu yake ikiwa mkononi mwangu, "Sasa unamshtaki nani?"

Nikafikiria shelfu moja na nusu, na muhuri, na orofa ya tano, na fundi asiye na uso. Nikaandika. Alichopiga muhuri, akaniachia nakala, ni hiki, neno kwa neno, ila majina:

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wafanyabiashara wa Jengo.

Bwana Mwenyekiti,

MINTARAFU: MASHINE YA GEMU ISIYOKAA NA CHAJI, NA DUKA LISILO NA MWENYEWE

Nawashtaki wote. Nimeulizwa ni nani hasa na sijui, na kutojua kwangu ndiyo sehemu ya kwanza ya malalamiko. Siku ya kununua walikuwa duka moja, nikaambiwa hivyo kwa mdomo. Siku ya kurudisha wamekuwa shelfu, muhuri, orofa ya tano na fundi. Kwa hiyo namshtaki aliyepokea pesa, aliyempa mashine, aliyetengeneza na mwenye muhuri, wagawane makosa jioni kama wanavyogawana faida.

Sehemu ya pili ni betri. Haidumu hata mtoto amalize uji. Ikizimwa na kuwekwa juu ya kabati inaisha pia. Ikichomekwa inapata moto na kuvimba. Nimeambiwa mtoto anacheza sana. Bwana Mwenyekiti, mashine ya gemu ni ya kucheza. Kama ni ya kutazama tu, ingeandikwa.

Sehemu ya tatu ni udanganyifu. Nilipewa mashine niliyoambiwa ni nyingine, kumbe ni ileile iliyobadilishwa kava kutoka bluu hadi nyekundu. Ushahidi umo ndani ya mashine yenyewe, ni paka wa zambarau aliyevaa gambuti, aliyepakwa na kuvalishwa na binti yangu kabla ya kava kubadilishwa. Mashine nimeiacha ofisini kwako. Naomba iwashwe mbele ya kikao mapema, kabla haijazima.

Sitaki fujo wala pawabenki. Nataka mashine nzima, yenye betri ambayo haijawahi kukaa kwa mtu mwingine. Ijazwe mbele yangu, ichezwe mbele yangu kwa saa mbili, na yeyote anayesema mtoto anacheza sana ndiye aicheze. Ikizima kabla ya saa mbili, tuanze upya na nyingine. Risiti iandikwe jina la mtu mmoja mwenye uso, nitakayemjia.

Nasema saa mbili kwa sababu ndizo saa ambazo mtoto wangu hufunga jicho lake moja ili lingine lijifunze kuona. Hajafunga saa hizo zikatimia tangu betri hii iharibike, na jicho halijasogea. Shule zikifungwa daktari atampima tena na ataniuliza kama alifunga. Nataka nimjibu ndiyo. Kamati iketi kabla ya hapo.

Wako,
Mnunuzi.